Tatu au Nane

Jenifa alipotoka shule hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza dukani kwa mama yake, pale Sofu, Kibaha, kwenye fremu iliyobanwa kati ya saluni na duka la chakula cha kuku. Kila siku ilikuwa hivyo. Alivua viatu mlangoni, akafagia, akanyunyiza maji nje kutuliza vumbi, kisha akakaa kwenye stuli na kuanza kutenga skrubu. Ndefu ziliingia kifuniko hiki, fupi kifuniko kile. Skrubu za laptopu ni ndogo mno, na ukiwa umechoka zote huonekana sawa.

Siku hiyo alikuwa amechoka kweli. Darasa la sita walikuwa na zamu ya kumwagilia bustani, bomba la shule likagoma, ikabidi wabebe ndoo kutoka kisimani jua likiwa utosini. Shingo ilimuuma. Alitamani kulala tu, hata pale sakafuni.

Mama yake, Marselina, ndiye aliyekuwa fundi. Alizaliwa Mbinga, akaja Kibaha na mumewe, akasomea ufundi wa kompyuta akiwa tayari ana mtoto mgongoni. Mikono yake ilikuwa imara bado, lakini macho yalikuwa yameanza kumkataa. Miguu ya vifaa aliiona, kwa sababu inang'aa. Zilizomshinda ni zile namba za kijivu zilizochapwa juu ya chipu nyeusi, hata avae miwani gani. Hivyo ikawa mama anafungua, anapima, anachomelea, na Jenifa anamsomea namba kwa kioo cha kukuzia. Fundi hawezi kutafuta kifaa cha kubadilisha bila namba, kwa maana chipu mbili zinaweza kufanana sura na umbo lakini kazi zao zikawa mbali kabisa.

"Hodi hapa kwa fundi," sauti ya mwanamke ilisema.

"Karibuni. Poleni na safari," alijibu Marselina, maana vumbi la miguuni mwa wageni lilionyesha wametoka mbali.

Mgeni alikuwa mama aliyevaa baibui, amekumbatia mfuko wa kitambaa. Nyuma yake alisimama mvulana mrefu mwenye sare za sekondari, mkono mmoja begani kwa mama yake, mwingine umeshika fimbo nyeupe. Jenifa aliwaamkia, akawasogezea benchi.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Mwanamkuu, tumetoka Kisarawe. Huyu ni mwanangu Amiri. Haoni tangu akiwa mdogo. Yuko kidato cha pili na mtihani wa taifa ni mwezi ujao." Alitoa laptopu mfukoni taratibu, kama mtu anayetoa mayai. "Hii ndiyo inayomsomea. Imezima ghafla, haipokei chaji. Mafundi wawili wameshaniambia niitupe."

"Inamsomea vipi?" Jenifa aliuliza.

Amiri ndiye aliyejibu. "Inasoma kwa sauti chochote kilichoandikwa ndani yake. Mwalimu wangu ameniingizia humo masomo yote. Ina lafudhi mbovu hiyo, ukiisikia inatamka 'ng'ombe' utadhani imebanwa na mlango. Lakini haichoki wala haina haraka ya kwenda popote."

Marselina alicheka kidogo. "Na ikiwa haipo?"

"Ikiwa haipo nasubiri mtu apate nafasi ya kunisomea. Watu wa nyumbani wanarudi shambani wamechoka hoi. Siwalaumu. Ila nisipoipata, fundi, huo mtihani nitaufanya kwa kukumbuka tu nilichosikia darasani, na mengi nimeshayasahau."

Baada ya wageni kuondoka, Marselina aliifungua laptopu na kuutoa ubao wake mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi. Aliupima kwa mita, akausogeza, akaupima tena. Feni ya dukani ilizunguka kidogo, umeme ukakatika, ukarudi. Mwishowe aliguna. Karibu na tundu la chaji palikuwa na chipu ndogo ya mraba, imeungua na kufunikwa na masizi. Hiyo ndiyo iliyosimamia chaji.

"Jeni, chukua pamba, chovya kwenye spiriti, ufute hapa polepole. Ukishaona namba unisomee. Polepole, sawa? Mchoro wa ubao huu nimeutafuta mtandaoni sijaupata, kwa hiyo hiyo namba ndiyo tegemeo letu."

Kisha mama akageuka kumhudumia mteja wa simu.

Jenifa alichukua pamba, akafuta mara mbili tatu. Masizi yalikuwa yameganda. Alifuta tena. Akapiga miayo. Kwenye kopo la brashi palikuwa na mswaki wa zamani ambao mama aliutumia kusugulia vifuniko vichafu. Usimcheke, mtu aliyechoka hupenda njia fupi, na wewe unajua hivyo. Jenifa alichukua mswaki, akausugua ubao kwa nguvu, na masizi yakatoka mara moja.

Yalitoka pamoja na namba.

Herufi mbili za mwanzo zilibaki, na tarakimu tatu zilizofuata zilibaki. Ya mwisho ilikuwa imechubuka upande wote wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na mikunjo miwili tu, mmoja juu ya mwingine. Inaweza kuwa tatu. Inaweza pia kuwa nane iliyofutika nusu. Jenifa aliinamisha kioo huku na kule mpaka jicho likamtoka machozi.

"Vipi, umeipata?" mama aliuliza bila kugeuka.

Jenifa alifikiria kusema ukweli. Lakini ukweli ungekuja na mswaki, na mswaki ungekuja na maneno. Tena alitaka kwenda kulala. Alitaja herufi, akataja tarakimu, na ya mwisho akasema, "Nane."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona, mama."

Marselina aliandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, akampigia simu Hamidu, muuza vifaa wa Kariakoo. Hamidu alisema hiyo anayo. Kesho yake Marselina alifunga duka, akatoka alfajiri kwenda mjini. Alirudi alasiri, uso umemshuka kwa foleni na joto, kifaa chenyewe kimefungwa kwenye kipande cha sponji. Hakula. Aliketi moja kwa moja mezani, akaing'oa chipu iliyoungua, nayo ikapukutika vipande vipande kwa jinsi ilivyokuwa imeiva. Akaipandikiza mpya kwa hewa ya moto, akalinganisha nukta yake na alama ya ubaoni, akangoja ipoe. Kisha akachomeka chaji.

Palitoka harufu kwanza, halafu uzi mwembamba wa moshi. Marselina alichomoa waya kwa haraka. Chipu mpya ilikuwa imeungua.

Jenifa alisimama pale na kifuniko cha skrubu mkononi.

Mama alivua miwani, akasugua macho kwa viganja, akachukua simu. "Hamidu, kaka yangu, umenipa kitu feki. Ndiyo, feki. Imeungua hata dakika haijaisha. Mimi nimeacha kazi zangu zote kuja huko, halafu unaniuzia takataka?" Sauti ya Hamidu ilisikika ikiapa kwamba mzigo wake ni halisi. "Basi tusibishane," alisema Marselina, akakata.

Walikuwa wamefahamiana tangu mama alipofungua duka. Jenifa hakuwahi kumsikia akimsema Hamidu namna ile.

Siku zilizofuata Marselina aliurudia ubao ule kila alipopata nafasi. Alipima hapa na pale, akashindwa kuelewa. Vifaa vingine vyote vilikuwa vizima. Alianza kusema peke yake, "Labda ubao umekufa. Labda wale mafundi walikuwa sahihi." Jenifa alikuwa akitenga skrubu na kuzichanganya, anazitenga upya. Kila alipotaka kufungua mdomo, alijiambia kwamba huenda kweli ile ilikuwa nane, na Hamidu ndiye mwenye kosa.

Jumamosi simu ya mama iliita akiwa ametoka kununua risasi ya kuchomelea. Jenifa aliona jina la Mwanamkuu, akapokea.

"Fundi?" Ilikuwa sauti ya Amiri.

"Ni Jenifa. Mama katoka kidogo."

"Ah, Jenifa. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Bado," alisema Jenifa. "Unasoma vipi siku hizi?"

"Mdogo wangu Firdausi ananisomea. Yuko darasa la tatu, maskini, anajitahidi. Lakini juzi alinisomea Historia, akafika mahali mwaka umefifia kwenye karatasi. Badala ya kusema hauonekani, akaweka wa kwake. Mimi nikaukariri siku nzima. Jana nimeutaja darasani, darasa zima limecheka, na mwalimu kaniuliza nimeutoa wapi. Kucheka si kitu. Tatizo sasa sijui ni mangapi mengine aliyojaza mwenyewe. Sijui niamini lipi katika yote aliyonisomea. Ni bora angeniambia haoni."

Jenifa alisema mama akirudi atampigia, akaiweka simu mezani. Alikaa kwenye stuli bila kugusa skrubu hata moja.

Marselina aliporudi alijitupa kwenye kiti na kuomba maji. Alikunywa yote. "Nimeamua," alisema. "Nampigia Mama Amiri nimwambie ukweli, laptopu imenishinda. Asije akaendelea kusubiri bure."

"Mama, usipige." Jenifa alikuwa amesimama. "Ile nane sikuiona."

"Nane gani?"

"Ya mwisho. Nilitumia mswaki badala ya pamba, namba ikafutika. Niliona nusu tu. Inaweza kuwa tatu. Nilidhani nane, nikasema nimeona."

Nje, mwenye saluni alikuwa akimwita mtoto wake. Jenifa alingoja kufokewa, na angalau angefokewa angelia yakaisha. Lakini mama alimtazama tu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amebeba kitu kizito njia nzima kisha akaambiwa haikuwa nyumba ile.

"Nilikuuliza, Jeni."

"Uliniuliza."

"Ungesema hujui, nisingekwenda Kariakoo kabisa. Ningetafuta ubao mwingine kama huu nikaangalie namba humo. Kutojua kwako kungenisaidia." Alichukua simu. "Na Hamidu nimemtukana bure."

Alimpigia palepale. Alimwomba radhi kwa maneno ya wazi, hakuzunguka, kisha akampa Jenifa simu naye amwombe. Jenifa alisema yote. Hamidu akasema, "Haya, mwanangu. Imenichoma, lakini nimekusikia."

Mchana uleule walikwenda Zegereni. Huko kulikuwa na mzee mmoja, Wilfred, aliyekuwa akinunua kompyuta chakavu kutoka kwenye ofisi za viwanda na kuzirundika ndani ya kontena. Kontena lilikuwa na joto la tanuri. Wilfred aliwaonyesha rundo, akawapa benchi la kukalia, akarudi kivulini.

"Zinazofanana na ya Amiri ziko hizi," alisema Jenifa, akionyesha laptopu zenye jina lilelile juu ya mfuniko.

"Jina la juu ni nguo tu," alisema mama. "Mwenye kiwanda anaweza kuvalisha nguo moja mbao tofauti. Tunatafuta namba iliyochapwa kwenye ubao wenyewe. Ya Amiri ninayo hapa, nimeomba watu wawili wanisomee."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Jenifa, lakini aliona ni haki yake.

Walifungua ya kwanza. Haikuwa yenyewe. Walifungua nyingine, na nyingine. Jasho lilidondoka mpaka kwenye mazabodi, ikabidi mama ajifunge kitambaa kichwani. Mikono ya Jenifa ilinuka vumbi na gundi. Kisha wakafungua moja ambayo namba yake ilifuatana na ya Amiri, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho kabisa, ambapo gundi ya kibandiko ilikuwa imefunika herufi moja.

Jenifa alichoka mpaka mifupani. Zote zilikuwa sawa, imebaki moja. Aliinua kichwa.

"Herufi ya mwisho sijaiona, mama. Imefunikwa."

"Sawa. Leta pamba."

Walifuta polepole, wakipokezana. Gundi ilipotoka, herufi ilikuwa nyingine kabisa. Huo haukuwa ubao wao. Marselina aliuweka pembeni, akavuta unaofuata.

Waliupata chini kabisa ya rundo, katika laptopu iliyopasuka kioo na kukosa nusu ya vitufe. Namba ya ubao ililingana yote. Karibu na tundu la chaji ile chipu ilikaa, safi, haina hata doa. Jenifa aliisoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Tatu," alisema. "Ya mwisho ni tatu. Hii nimeiona."

Mama alimwita mzee Wilfred naye asome. Naye akasema tatu.

Siku ya pili, baada ya kanisa, Marselina aliing'oa chipu ile kwa hewa ya moto, akaipandikiza kwenye ubao wa Amiri. Alipochomeka chaji, wote wawili walinusa kwanza. Hapakuwa na harufu. Taa ndogo ya rangi ya machungwa ikawaka. Jenifa alitaka kushangilia, akajikuta anakaa chini tu.

Safari ya Kisarawe waliifanya pamoja, alasiri hiyohiyo. Mama alisema angeweza kwenda peke yake, lakini lililopaswa kusemwa huko halikuwa lake. Mwanamkuu aliwapokea kwa maji ya kunywa na mihogo ya kuchemsha. Amiri alipapasa vitufe, akabonyeza, na ile sauti mbovu ikaanza kusoma. Mwanamkuu alifuta macho kwa upindo wa mtandio. Amiri alitabasamu kwa meno yote.

"Kaka Amiri," Jenifa alisema, "ingekuwa imepona siku nyingi." Akamweleza yote, mswaki na nane.

Tabasamu liliondoka. Amiri alizima sauti ya laptopu. "Na jana kwenye simu, nilipokueleza habari za Firdausi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku zote hizo, Jenifa. Nimepoteza sura nzima za Bayolojia, sijui kama nitazifikia." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alikaa akigonga vidole mezani. Halafu alinyoosha mkono, akachukua karatasi iliyokunjwa. "Hii mwalimu kaitoa Ijumaa, haijaingizwa kwenye kompyuta. Ni Kiswahili. Nisomee."

Jenifa aliikunjua. Ilikuwa nakala ya nakala, wino umefifia. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akaingia wa tatu, akasimama.

"Hapa pamefutika. Naona 'ki' mwanzoni, na mwisho naona 'shi'. Katikati sioni."

Amiri aliwaza. "Inaweza kuwa kivumishi. Inaweza kuwa kiwakilishi. Weka alama hapo, kesho nitamuuliza mwalimu."

Marselina, aliyekuwa mlangoni na kikombe mkononi, aliwasogelea akakaa karibu na mwanawe.

"Jeni, mimi na Amiri shida yetu inafanana," alisema taratibu. "Sote tunaona kwa macho ya watu wengine. Mtu akituazima macho yake, tunakwenda anakotuelekeza, hatuna namna ya kuhakikisha. Kwa hiyo ukiona, sema umeona. Macho yako yakiishia njiani, tuambie yameishia wapi, sisi tutajua la kufanya. Kutoona si kosa, wala kutojua si aibu. Kosa ni kutupa la kudhani ukaliita la kuona."

"Nimeelewa, mama."

"Umeelewa au unadhani umeelewa?" aliuliza Amiri.

Jenifa alifikiri kabla ya kujibu. "Nimeelewa."

"Basi mstari unaofuata," alisema Amiri, akaegemea ukuta kusikiliza.